Kawia Ufike



Juma hili nataka tuzungumze juu ya safari. Si safari ya mbali ya kuvuka bahari, bali safari zetu za kila siku: kushuka toka Fizi mlimani kwenda Baraka ziwani, kupanda tena toka Baraka kwenda Fizi, au kufuata pwani ya Ziwa Tanganyika, kupita Lusenda, Mboko na Makobola hata kufika Uvira. Nanyi mwajua jinsi njia hii ilivyo wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Agosti. Taabu yake ni vumbi na mashimo. Msafiri hufika mwekundu kama tofali, akaoga, yakaisha. Lakini mvua zinapoanza, karibu na Septemba au Oktoba, hata zikome mwezi wa Mei, njia ile ile hugeuka kuwa njia nyingine. Vumbi huwa tope, shimo huwa kisima, na kijito ambacho mtoto alikivuka bila kulowesha magoti huwa mto wa kuangusha ng'ombe.

Ajali ikitokea siku hizo, watu husema: "Mvua imeua." Sikatai kwamba mvua ina sehemu yake. Lakini mara nyingi iko haraka yetu inayoisaidia mvua kufanya kazi yake mbaya. Wala si haraka ya dereva peke yake. Hebu niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe. Si jambo la kujisifia, na kwa miaka kadhaa sikupenda kulitaja.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, siku ya Jumamosi. Nilikuwa Fizi kwa kazi za shule, nami nilitaka kufika Baraka kabla ya jua kuchwa, kwa maana jamaa walikuwa wakiningoja kwa karamu ya arusi. Nilipata nafasi katika gari moja la kukodi. Tulikuwa watu tisa pamoja na dereva, na juu ya gari magunia ya mihogo mikavu na madumu ya mawese. Nyuma alining'inia kijana msaidizi wa dereva, wa miaka kumi na saba hivi, ambaye zamani nilimfundisha kusoma katika darasa la pili.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, kisha ikakatika. Tulipofika penye kijito kimoja kisicho na daraja, jua lilikuwa likiwaka na mbingu juu yetu ilikuwa safi. Lakini maji yalikuwa mekundu, nayo yalichukua majani na matawi mabichi. Dereva, mtu wa makamo, alisimamisha gari akashuka. Alichukua fimbo, akaichomeka ukingoni pale maji yalipoishia, akasimama kuitazama. Baada ya dakika chache maji yalikuwa yameipita fimbo na kuendelea mbele. Akarudi kwetu akasema, "Ndugu zangu, maji yanapanda bado. Tungoje."

Je, tulimshukuru? Hata kidogo! Mmoja alisema, "Kaka, jana magari yamepita hapa hapa." Wa pili alisema, "Mimi nimelipa ili nifike leo, sikulipa ili nitazame mto." Nami, mwalimu wa watoto, mtu ambaye neno lake husikilizwa, nilisema hivi: "Baba, wewe ni dereva au ni mlinzi wa maji? Kijito hiki hata wanafunzi wangu hukivuka." Wote wakacheka.

Kati yetu alikuwamo mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni. Yeye hakucheka. Alisema, "Mimi nashuka. Mwalimu, ninyi mna shauri lenu, nami nina mtoto." Akashuka, akaenda kuketi chini ya mti. Tukamcheka yeye naye.

Dereva alinitazama kitambo, wala hakusema neno. Leo nafahamu kilichokuwa moyoni mwake. Alikuwa akiogopa maji, na hofu hiyo ilikuwa hofu ya hekima. Sasa aliogopa kicheko chetu zaidi kuliko maji. Akapanda, akawasha gari, akaingia.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Maji yalifika katikati ya magurudumu. Ghafula nilisikia sehemu ya nyuma ya gari kuwa nyepesi, kama mtumbwi unapoacha mchanga wa pwani. Dereva alizungusha usukani, lakini usukani haukuwa na kazi tena, maana magurudumu hayakuwa yakigusa chini. Gari likageuka upande, likachukuliwa, likagonga jiwe kubwa, likalala ubavu. Tulitoka kwa madirisha ya upande wa juu, huku tukishikana mikono. Watu waliokuwa wakilima karibu walikuja mbio na kamba, wakatuvuta mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa. Lakini yule kijana wa nyuma alitupwa majini, akabebwa hatua nyingi, akanaswa na mizizi ya mti. Tulipomtoa, mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Magunia na mawese yalikwenda ziwani. Dereva alipoteza gari, na pamoja nalo chakula cha watoto wake. Na yule mama? Alikaa chini ya mti wake, akamnyonyesha mtoto. Baada ya saa mbili na nusu maji yalikuwa yamepungua, naye alivuka kwa miguu, viatu mkononi, maji yakimfika kwenye vifundo. Ng'ambo akapata pikipiki. Sisi wenye haraka tulikuwa tungali njiani, tukimchukua kijana kwa machela, wakati mama yule alipokuwa amekwisha kula na kulala.

Sasa tuulize, kama wafanyavyo watu wanaopenda kujua sababu ya mambo: kijito kidogo kiliwezaje kulichukua gari zito namna ile?

Sababu ya kwanza ni nguvu ya maji yenyewe. Jazeni maji katika sanduku lenye meta moja kila upande. Maji hayo yatakuwa na uzito wa kilo 1,000. Basi fikirini masanduku mangapi ya namna hiyo hupita katika kijito kwa dakika moja. Tena mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Zaidi ya hayo, gari ni chombo chenye hewa ndani. Kama sufuria tupu inavyoelea katika pipa, ndivyo na gari linavyotaka kuelea. Wataalamu wa mafuriko hufundisha vipimo hivi, na ningependa kila mwanafunzi avishike kama ashikavyo jedwali la kuzidisha. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimeta 30, yaani katikati ya muundi, zaweza kuelesha gari dogo. Sentimeta 60, yaani juu kidogo ya goti, zaweza kuchukua magari mengi, hata yale marefu ambayo wenyewe huyasifu kwamba hayashindwi na njia.

Sababu ya pili ni kwamba maji machafu huficha chini. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui kina chake. Jana palikuwa na changarawe ngumu. Usiku mto umechimba, na leo pana shimo la kumeza gurudumu. Yule aliyetuambia kwamba magari yalipita jana alisema kweli, lakini ukweli wa jana haukutusaidia siku ile.

Sababu ya tatu ndiyo inayowadanganya wengi, nayo yatoka katika sura ya nchi yetu. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu imesimama milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake hupita meta 3,000. Mvua yaweza kunyesha huko juu kwa nguvu, na ninyi pwani mkaona jua. Maji hayo hayana pa kupumzika, maana mteremko ni mkali na bonde ni jembamba. Hushuka kwa muda mfupi, nayo hufika chini kama kundi la nyati. Kwa hiyo, mkiwa penye mto, msiitazame mbingu iliyo juu ya vichwa vyenu tu. Itazameni milima. Ikiwa imejifunika wingu jeusi, mngojeeni mgeni anayekuja.

Wala haya si maneno ya kutishia watoto. Katika usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mji wa Uvira ulivamiwa na maji ya mto Mulongwe. Makumi ya watu walikufa na nyumba nyingi zilibomolewa. Na katika territwari yetu hii ya Fizi, usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba ulivunja kingo zake katika sekta ya Ngandja, ukaizoa sehemu ya kijiji cha Kasaba pamoja na watu waliokuwa wamelala. Waliohesabiwa kufa walipita 100. Watu hao hawakuwa safarini, wala hawakuwa na kosa lolote. Maji yaliwafuata vitandani mwao. Ikiwa maji yaweza kuchukua nyumba na wenyewe, sisi tunaoyaendea kwa magurudumu manne, tena kwa hiari yetu na kwa vicheko, tutasema nini?

Hapa yafaa niwaeleze habari moja kutoka mbali. Nina mpwa wangu ambaye wazazi wake walikimbia vita vya mwaka 1996, wakavuka ziwa, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma. Baadaye walipelekwa Marekani, kama jamaa wengi wa Fizi. Siku hizi yeye ni dereva wa gari la mizigo huko. Siku moja, mwezi wa Januari, alinipigia simu saa ambayo kwa desturi huwa kazini. Nikamwuliza, "Mwanangu, umeachishwa kazi?" Akacheka akasema, "La, mjomba. Theluji imeanguka usiku. Mkubwa wetu amesema hakuna gari litakalotoka hata barabara isafishwe."

Nilistaajabu. Nikamwuliza habari za theluji hiyo, naye akanieleza vizuri. Alisema kwamba theluji yenyewe, kwa kuwa ni nyeupe, humwonya mtu. Kinachoua zaidi ni barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo hukaa juu ya lami kama kioo, nawe huona barabara nyeusi kama siku zote. Tena barafu hiyo hushika madaraja kwanza, kwa sababu baridi huyapiga kwa juu na kwa chini. Alisema madereva wa huko hufundishwa mambo matatu: endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele yako, usifanye jambo lolote kwa ghafula, iwe kukanyaga breki, kugeuza usukani, au kuongeza moto. Katika Ujerumani, sheria inamkataza dereva kuendesha penye theluji au barafu asipokuwa na mipira ya magurudumu iliyotengenezwa kwa majira hayo. Na theluji ikizidi, shule hufungwa, mabasi ya watoto hukaa, wala hapana mtu anayemwita mwalimu mkuu mwoga.

Nilipoweka simu chini nilikaa kimya. Watu wale wana lami, wana magari ya kumwaga chumvi na kusukuma theluji, wana taa kila mahali. Hata hivyo, barabara ikigeuka, wao hungoja. Sisi tuna udongo mtupu na madaraja ya miti, nasi hatuwezi kungoja saa mbili! Wenye silaha nyingi wanamwogopa adui, nasi wenye mikono mitupu tunamchezea.

Lakini desturi ya kungoja si ngeni katika Kongo. Katika njia zetu za udongo kuna kawaida ya vizuizi vya mvua. Mvua inaponyesha, mti hulazwa barabarani, na magari mazito huzuiwa kupita hata mvua ikome na saa kadhaa zipite ili udongo ukauke. Wengine hufikiri kwamba vizuizi hivyo viliwekwa kwa kuwatesa wenye magari. La! Kamio moja lenye mzigo wa kupita kiasi, likipita juu ya udongo uliolowa, huchimba mifereji miwili mirefu. Mvua ijayo huifuata mifereji hiyo, na kabla ya mwezi kwisha pamekuwa korongo. Kwa saa tatu alizookoa dereva mmoja, watu wa kijiji kizima hupotewa na njia mwaka mzima. Mgonjwa hafiki hospitali, na mihogo huoza shambani. Basi, ukikuta kizuizi cha mvua, usimpe mlinzi wake fedha ili akufungulie. Ukimpa, umenunua uharibifu wa njia yako mwenyewe.

Sasa niseme maneno machache kwa wenye kushika usukani. Najua wengi wenu mna ustadi kunipita. Yapokeeni kama ukumbusho tu.

Kwanza, mwendo. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja, yaani kabla hujamaliza kutamka jina la mtoto uliyemwona barabarani. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Na hapo nahesabu barabara kavu. Penye utelezi hesabu hiyo huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo, mvua ikinyesha, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na umwache mwenzako aliye mbele aende mbali nawe.

Pili, miteremko. Kuna madereva ambao, kwa kutaka kubakiza mafuta, hutoa gia wakaliacha gari lishuke lenyewe. Hilo ni jambo la hatari kiangazi, na wakati wa mvua ni hatari maradufu. Breki zikifanya kazi peke yake hupata moto, na zikipata moto hulegea. Gia ndogo, ile ambayo ungeipandia mlima, ndiyo ya kushukia. Injini yenyewe italishika gari, na mguu wako utakuwa na kazi ndogo.

Tatu, mipira. Meno ya mpira yana kazi ya kutoa maji na tope chini ya gurudumu. Mpira uliolika hata kuwa laini kama kibuyu hauwezi kazi hiyo. Najua bei ya mipira, nami najua mapato yenu. Lakini kama huna fedha za mipira minne kabla ya mvua, basi una sababu nne za kwenda polepole.

Nanyi vijana wa pikipiki, ambao siku hizi ndio mnaochukua watu wengi kati ya Baraka na vijiji vyake, penye tope msikamate breki ya mbele kwa ghafula; gurudumu la mbele likifungwa, mtaanguka kabla ya kujua sababu. Msipakie mama na watoto wawili na gunia kwa safari moja. Na kofia ngumu ya kichwani si pambo la kutundika kwenye usukani ili mvae mkimwona askari. Kichwa ni chenu, si cha askari.

Penye mto uliofurika, kanuni ni moja kwa wote: simama mbali na ukingo, weka alama, ngoja. Maji yakipanda, rudi nyuma. Yakishuka, ngoja hata uone chini. Wala usimtume kijana aingie kupima kina kwa miguu yake, maana umesikia kwamba sentimeta 15 zatosha kumwangusha mtu mzima.

Najua wapo watakaonijibu: "Mwalimu, unasema ngoja, lakini njia zetu si za kulala. Giza likitukuta porini, twaweza kuvamiwa. Na mwenye gari anataka hesabu yake jioni." Maneno haya ni ya kweli, wala siyadharau. Kila mtu wa Fizi ajua uzito wa kukutwa na usiku njiani. Lakini tazameni: hatari ya usiku haiponywi kwa kujitia katika hatari ya maji. Dawa yake ni kuondoka alfajiri. Mtu anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kungoja saa tatu mtoni, akafika kungali mchana. Anayeondoka saa tisa alasiri amekwisha kuuza subira yake kabla hajaanza safari. Kama mto umekataa kabisa, rudini mpaka kijiji cha mwisho mlichopita, mwombe mahali pa kulala. Sijaona bado kijiji katika nchi hii kinachomnyima mgeni mkeka siku ya mvua. Na wewe mwenye gari, hesabu yako ya jioni moja ni ndogo kuliko bei ya gari. Mwambie dereva wako kwa kinywa chako: "Mto ukijaa, ngoja, sitakudai siku hiyo." Neno hilo laweza kuokoa watu tisa.

Mwisho nasema nasi abiria, ambao ndio wengi kati ya wasomaji wangu. Sisi hudhani kwamba kazi yetu ni kulipa na kuketi. Kumbe ulimi wa abiria nao ni usukani! Siku ile kijitoni dereva alijua kweli, akaisema. Aliyeligeuza gari kuelekea majini si yeye. Nilikuwa mimi, kwa mzaha mmoja. Kwa hiyo, dereva wenu akisema tungoje, mwambieni asante, tena mwambieni kwa sauti ili wenzenu wasikie. Akiwa yeye ndiye anayekimbia, msinyamaze kwa kuona haya. Semeni kwa upole: "Baba, punguza, tuna watoto humu." Mmoja akisema, wa pili atapata moyo. Na mtu akitaka kushuka kwa kuogopa, msimcheke. Huenda yeye peke yake ndiye mwenye akili siku hiyo.

Nanyi wanafunzi, mnaovuka vijito kwenda shuleni: siku ambayo maji yamejaa, bakini ng'ambo, rudini nyumbani. Mwalimu anayewapiga kwa kukosa siku hiyo na aje kwangu tuzungumze.

Hapa Baraka vijana hupenda kutania kwa kusema kwamba haraka haraka haina Baraka, maana mwenye haraka hafiki mjini. Ni mzaha, lakini siku ile ulikuwa habari yangu mimi.

Yule kijana msaidizi alipona. Ana duka dogo la sabuni na chumvi karibu na soko, naye hutembea akiuvuta mguu wa kushoto. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinijibu, "Mwalimu, yamekwisha." Pengine kwake yamekwisha. Lakini kila mara wingu jeusi linapokaa juu ya milima, nami nikimwona akivuka barabara kwa shida ili afunge duka lake kabla ya mvua, nakumbuka jinsi nilivyowachekesha watu ndani ya gari.

Wahenga walikwisha kutupa shauri lote kwa maneno mawili: kawia ufike. Karamu ya arusi itapoa, lakini ndugu zako watakuwekea sahani. Kwa herini, jamaa zangu, hata juma lijalo.